Jiwe la Yokoamicho

Tulipofika bustani ya Yokoamicho, jijini Tokyo, tulisimama mahali walipoteketea watu wapatao 38,000. Walikuwa wamekimbilia uwanja huu baada ya tetemeko la Septemba 1, 1923, lililopiga karibu na adhuhuri, majiko yakiwa na moto; kimbunga cha moto kikawakuta humo.

Humo bustanini lipo pia jiwe la kumbukumbu ya Wakorea, lililosimamishwa mwaka 1973. Hawa waliuawa na wanadamu wenzao. Ulienea uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani, na raia wenye silaha, askari na polisi wakawaua kwa maelfu.

Tetemeko hatuna uwezo wa kulizuia. Uvumi tunao, iwapo kila mmoja atahakikisha kabla ya kusimulia.