Nyoka wa majini Kibaha na Kisarawe: Wapo wasio na sumu, ila mtoto asitumwe kuwatambua

Mvua zikinyesha, mabonde ya Mto Ruvu kule Mlandizi, Kibaha, hujaa maji hadi kwenye mashamba ya mpunga. Vyura huongezeka, na nyoka huwafuata. Upande wa Kisarawe, hali ni hiyohiyo pembeni mwa Bwawa la Minaki, ndani ya msitu wa Pugu, ambako familia kutoka Dar es Salaam huenda kupumzika mwisho wa wiki.

Baadhi ya nyoka wa kando ya maji haya hawana madhara kwa binadamu. Mmoja ni mdogo, wa kahawia, tumbo la njano, mara nyingi hafiki nusu mita. Adui akimshika mkia, mkia hukatika naye hukimbia, na hauoti tena. Mwingine ni wa kijani, mwembamba, mwenye macho makubwa ya duara, na kwa kawaida hafiki mita moja. Wote wawili hula vyura na samaki wadogo. Kuwaua hakumlindi mtu yeyote.

Mzazi, tatizo ni kufanana. Katika miembe na mikorosho ya ukanda huu wa Pwani anaishi nyoka aitwaye mamba wa kijani (si yule mamba wa mtoni), mwenye sumu kali. Akikomaa hufikia mita mbili na kichwa chake ni kirefu na chembamba, lakini mtoto wake ana urefu sawa na yule wa kijani asiye na sumu. Swila wa msituni naye huogelea vizuri. Kwa hiyo nyoka kuwa majini si dalili kwamba hana sumu.

Alama za uhakika, kama magamba ya mdomoni, huonekana ukimkaribia tu. Ukitaka kumjua, mpige picha kwa simu ukiwa mbali, usimfuate. Mtoto afundishwe jambo moja kwa nyoka wote: simama, rudi nyuma taratibu, mwite mtu mzima.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Mtoto yupo hatarini zaidi kwa sababu mwili wake ni mdogo, sumu ni ileile.

Akiumwa, mtulize, mvue bangili na viatu, kiungo kilichoumwa kisitikisike. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba. Akitemewa sumu machoni, mwoshe kwa maji mengi. Mbebe, asitembee, umpeleke hospitali mara moja: Kibaha ipo Tumbi, Kisarawe ipo ya wilaya. Mkiwa njiani, mtu mmoja apige simu kuuliza kama dawa ya kuzuia sumu ipo, ili kama haipo mwelekezwe mapema pa kwenda.