Kutafuta Mbwaa

Kwetu Meru, babu alitusimulia kwamba wazee wetu walitoka kisiwa kiitwacho Mbwaa, wakiwakimbia watu wa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu, na kwamba bahari iligawanyika usiku wakapita. Wengine husema Mbwaa ni Manda. Nami, nilipokwisha kusoma kidogo, niliicheka hadithi ile mbele yake.

Basi likizo ya Agosti 2018 nikafika Lamu, mji wa mawe na vichochoro, ambamo punda ndio magari. Nahodha mmoja akanivusha hadi Takwa, mji wa Manda uliohamwa katika karne ya 17. Msikiti ungalipo, na nguzo ndefu juu ya ukuta wa kibla.

“Mzee, Mbwaa ni wapi?”

“Jina hilo silijui, mwanangu. Twende, maji yakipwa tutakwama.”

Na kweli tulikwama kati ya mikoko. Nikashuka kusukuma, bahari ilinifika magotini tu. Sikusema neno.

Babu nilimpelekea chupa ya maji yale. Akaonja, akatema, akaniuliza, “Ulivuka kwa miguu?”