Ridhaa ya Mchuuzi wa Ruhwa

Katika mji wa Brussels, ninakokaa, nyumba nyingi husafishwa na wanawake wageni. Na tangu mwaka 2004, serikali ya Ubelgiji ilipoanzisha hati za malipo ya kazi za nyumbani ili kuitoa kazi hiyo mafichoni, mwanamke aliyekuwa akilipwa chini kwa chini aliweza kupata mkataba, bima na likizo yenye malipo. Ijara yake si kubwa, lakini yajulikana. Walakini wale ninaojuana nao, ukiwauliza kama kazi yenyewe yawaridhisha, aghalabu hukujibu kwa habari ya magoti na mgongo, na ya saa zipoteazo ndani ya basi kutoka nyumba hata nyumba.

Kwetu Ruhwa, ambako mto wa jina hilo waitenga wilaya ya Rusizi, nchini Rwanda, na Burundi, mambo yalikuwa kinyume. Mwanamke aliyevuka na nyanya, machungwa au ndagala kwenda soko la Bugarama, upande wa Rwanda, hakuwa na mkataba wala bwana. Mtaji wake ulifungwa pindoni mwa kitenge, na jioni alitenga kwanza fedha ya mzigo wa kesho, kisha fungu la kikundi cha akiba, ndipo chumvi na madaftari ya watoto yakafuata. Ukimuuliza, alikuambia ameridhika, maadam hapakuwa na wa kumwamrisha, na chumo lake aliligawa mwenyewe.

Ridhaa hiyo siidharau. Lakini mwaka 2016 Burundi ilipokataza vyakula vyake kupelekwa Rwanda, na tena Januari 2024 ilipoufunga mpaka, mwenye kuishi kwa mzigo wa kila siku alibaki kuula mtaji wake. Kadhalika likizo ya uzazi, iliyowekewa mfuko Rwanda kwa sheria ya mwaka 2016, ni ya walioajiriwa. Ipo EjoHeza, mpango wa akiba wa Rwanda uliofunguliwa mwaka 2018 hata kwa wasio na mwajiri, nao ni jambo jema; ila hiyo ni akiba ya uzeeni, na mpaka haungoji mtu azeeke ndipo ufungwe.

Kwa hiyo, atakayepima furaha ya wachuuzi na kuikuta nyingi, asiifanye hoja ya kuwanyima kinga. Mwanamke aweza kuipenda kazi yake na bado akastahili auni ya siku asipoweza kuifanya, pasipo kunyang'anywa mamlaka juu ya chumo lake.