Pomboo wa Shimoni

Mtu wa Kanduyi, aliyezoea omena wa sokoni, akishuka pwani hadi Shimoni ataonyeshwa kiumbe ambaye atamdhania kuwa samaki mkubwa. Kumbe pomboo si samaki: huvuta hewa juu ya maji, na humnyonyesha mwanawe kama afanyavyo ng'ombe zizini. Makao yake ni penye miamba ya Kisite, hifadhi ya Serikali tangu miaka ya 1970. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lililoua matumbawe mengi ya Kenya. Pomboo, ambaye hula samaki wa namna nyingi na ngisi pia, angalipo. Lakini wavu wa jarife ni jambo jingine. Akinaswa chini hawezi kupanda kuvuta pumzi, naye hufa maji kama mtu. Na jike huzaa mtoto mmoja tu, kisha hupita miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena.