Alama za Njia

Nilizaliwa Kewanja, wilayani Tarime, wakati dhahabu ya Nyamongo ilikuwa bado inachimbwa kwa sururu na karai, na mtoto wa kiume alikuwa na kazi moja iliyotangulia zote: ng'ombe wa baba yake. Shule ya msingi niliimaliza kwa sababu mama alisimama kidete. Sekondari niliisomea hapahapa Mara, kisha mwaka 1978 nikachaguliwa kwenda Mwanza, kidato cha tano, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Ya utoto yanatosha. Ninachotaka kusimulia kilianza pale Mwanza, na nimekigombea katika kila shule niliyofundisha hadi nilipostaafu mwaka 2019.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Siku chache baadaye mwalimu mmoja aliniuliza mbele ya darasa zima: Mkurya anangoja nini kwenye dawati, na wenzake wako mstari wa mbele? Darasa likacheka. Yeye aliona ananisifu. Ndugu zangu walikuwa vitani kweli, na fahari yangu juu yao haijapungua. Lakini dawati lile nililipata kwa mtihani uleule walioufanya vijana wa Moshi na Bukoba, na wao hawakuulizwa wanangoja nini. Kwao misheni zilifika mapema, kahawa ikalipa ada, shule zikaota. Basi wao walitarajiwa kufaulu, sisi Wakurya tukatarajiwa kubeba bunduki.

Alikuwapo pia mwenzetu wa Kihindi, mtoto wa mwenye duka la nguo mjini. Kila mtu aliamini hesabu zimo damuni mwake. Mkoloni alizitenga shule za Wazungu, Wahindi na Waafrika, kila rangi na fungu lake la fedha. Utaratibu huo ulifutwa mara tu baada ya Uhuru, ila fikra zake zilibaki madarasani. Kijana yule alikuwa hodari wa historia, hisabati zikimtesa. Alipopata alama ndogo aliambiwa ni mvivu. Nilipopata mimi alama ndogo, hakuna aliyeshtuka. Nimewaza mara nyingi ni nani kati yetu aliyeonewa zaidi, na jibu langu ni yeye: mimi niliachwa nisome kimya, yeye hakuachwa hata ashindwe kwa amani.

Aliyetuokoa sote wawili ni mwalimu wetu wa hisabati, mtu mzima kutoka Rungwe, mwenye maneno machache. Kabla ya kila jaribio alipitisha sanduku la chaki lenye vikaratasi vilivyokunjwa. Ukichukua kimoja, namba uliyoikuta ndiyo unayoandika juu ya karatasi yako, jina marufuku. Kiranja aliandika orodha ya namba na majina, ikafungiwa kabatini mpaka alama zote zijazwe. Tena alisahihisha swali la kwanza la darasa zima, akazichanganya karatasi, ndipo akaingia swali la pili, ili jibu zuri la mwanzo lisije kumbeba mtu hadi mwisho.

Asiyefundisha hisabati atauliza upendeleo unapitia wapi, maana jibu ni sahihi au si sahihi. Unapitia kwenye alama za njia. Swali la alama sita laweza kuwa na alama moja tu ya jibu. Tano zilizobaki ni za hatua. Mwanafunzi akiruka hatua, msahihishaji lazima aamue: huyu ameielewa akaipitia kichwani, au amechungulia kwa jirani? Akikuta jina analoliamini, humpa. Akikuta Chacha, Mwita au Marwa, majina ambayo nchi nzima inajua yanatoka Tarime, kalamu yake husita. Akikuta Bhoke au Ghati husita zaidi, kwa kuwa ameshajiambia kwamba binti huyo ataolewa kabla ya mtihani wa taifa.

Nilipoanza kufundisha nilichukua utaratibu ule kama ulivyo. Katika shule moja mkoani humu mwalimu wa taaluma aliupinga katika baraza la walimu. Alisema mwalimu asiyejua karatasi ni ya nani ni daktari anayetoa dawa bila kumwona mgonjwa, na kwamba kila mwalimu anaijua miandiko ya wanafunzi wake, kwa hiyo namba ni mchezo. Hoja ya mwandiko ina uzito, ndiyo maana nilibadilishana karatasi na mwalimu wa mkondo mwingine. Hiyo ya daktari siikubali hadi leo. Mjue mtoto, mwite ofisini, kaa naye juu ya makosa yake; lakini fanya hayo baada ya kujaza alama. Wengi barazani walinyamaza, na walionyamaza wakapanda vyeo.

Sitadai kwamba namba ziliwainua Wakurya darasani. Wengi walibaki palepale walipokuwa. Kilichobadilika ni malalamiko. Zamani mwanafunzi alitoka akinung'unika kwamba fulani hampendi. Sasa alikuja na karatasi mkononi akibishia mstari wa tatu wa hesabu yake. Kijana mmoja wa Moshi, aliyezoea kuwa wa kwanza, aliteremka, kwa sababu hatua alizokuwa akisamehewa hazikusamehewa tena. Alinijia amekasirika. Tukakaa mpaka kengele ya chakula, akaandika kila hatua, na muhula uliofuata akarudi juu. Majivuno aliyokuwa nayo baada ya hapo niliyaheshimu, yalikuwa yake.

Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lilisema halitataja tena shule na wanafunzi bora. Wenzangu wastaafu walishangilia, mimi sikuona kipya. Baraza hilo husahihisha kwa namba za mtihani. Uonevu ninaousema hutokea miaka yote kabla ya mtihani huo, katika majaribio ya kila wiki, ambako jina limekaa juu kabisa ya karatasi. Mtoto hupangiwa kimo chake huko, na hufika kwenye mtihani wa taifa amekwishakikubali.

Hapa Kewanja hilo linaniuma. Mgodi mkubwa umekuwapo tangu 2002, na bado kijana akitajiwa ajira ya mgodini huwaza ulinzi wa getini kabla hajawaza uhandisi. Wengine huacha shule wakafuate mawe ya dhahabu kwenye kifusi, wakisema sisi Wakurya ni watu wa nguvu. Ninyi vijana, nani aliwaambia? Hesabu ya ng'ombe mnaipiga kichwani haraka kuliko mgeni mwenye kikokotoo. Kaeni muandike hatua.

Sanduku langu la chaki ninalo, na madaftari ya majaribio pia. Mwalimu yeyote wa sekondari za huku Nyamongo anayetaka kuyatumia, au kuja kunipinga, anakaribishwa nyumbani, na aje na karatasi za darasa lake zisizo na majina.