Flopi Tisa za Maabara

Iyunga, Jumanne, 10 Juni 2014

Shule imefungwa, wanafunzi wameenda makwao, na maabara ya kompyuta nimeachiwa mimi pamoja na baridi ya Juni. Kompyuta ni 24, zote Pentium 4 za mtumba, zote zina Windows XP, ambayo Microsoft wameacha kuihudumia tangu tarehe 8 Aprili. Virusi vya kwenye flashi vimejaa humo, vinazificha kazi za wanafunzi na kuacha njia za mkato zisizofungua kitu.

Ningeweza kufanya kama tulivyozoea: CD moja mkononi, napiga windo mashine moja, nahamia ya pili, hadi nimalize safu. Mwalimu wa somo ameniambia neno lililonibadilisha mawazo. "Fundi, nikiwaambia wanafunzi wabonyeze hapa, nusu ya darasa hiyo hapa hawanayo." Kila mashine imepita kwenye mikono tofauti, ina toleo lake la programu na mpangilio wake. Hapo hafundishi, anazunguka akitatua matatizo ya mmoja mmoja mpaka kengele inalia.

Kwa hiyo ninachokitafuta si haraka. Nataka kompyuta 24 zinazofanana, na njia ambayo mwalimu ataitumia kuzirudisha zilivyokuwa bila kumngoja fundi kutoka mjini.

Alhamisi, 12 Juni

Seva ya kubutisha mashine kwa mtandao imekaa sawa. Nimechagua mashine yenye kumbukumbu kubwa kuliko wenzake, nikaweka Lubuntu 14.04, ile iliyotoka Aprili, na dnsmasq, programu ndogo inayofanya kazi mbili kwa pamoja: kugawa anwani na kutoa faili.

Niandike jinsi inavyokwenda, maana kijana wa chuo kikuu cha MUST aliye field hapa ameuliza na swali lake lilikuwa zuri. Kompyuta ikibuti kwa mtandao haihitaji kuwa na chochote kwenye diski yake. Kadi ya mtandao inatangaza kwenye waya mzima kwamba haina anwani. Seva inaijibu kwa DHCP: anwani yako ni hii, faili la kuanzia linaitwa hivi, liko kwangu. Kadi inalivuta kwa TFTP, itifaki isiyojua hata nywila, nyepesi kiasi cha kuenea ndani ya chipu ndogo. Kutoka hapo kompyuta imeshaamka na inafuata utakachoiambia. Utaratibu huu ndio PXE. Intel walitoa toleo la 2.1 la kanuni zake Septemba 1999, na karibu kila kompyuta ya ofisi iliyotengenezwa baada ya hapo inao. Karibu kila moja, si zote.

Usiku mlinzi ameomba redio yake ichomekwe maabara. Kombe la Dunia linaanza Brazil leo.

Ijumaa, 13 Juni

Mashine zimekuwa zikipata anwani lakini faili hazilioni. Chanzo: waya mmoja ulitoka kwenye swichi ya maabara ukapita darini hadi kwenye ruta ya ofisi, na ruta nayo inagawa anwani. Inayowahi kujibu ndiyo inayosikilizwa, na ruta ilikuwa inawahi. Nimechomoa waya huo na kubandika karatasi kwenye tundu lake. Maabara itakuwa na mtandao wake peke yake. Kwa kazi hii intaneti haihitajiki hata kidogo, na hilo ni jambo kubwa kwa shule inayonunua bando kwa modemu.

Jumamosi, 14 Juni

Kumi na tano zinabuti kwa mtandao zenyewe. Tisa hazijui PXE ni nini. Nimefungua moja: kadi ni RTL8139, ile ya bei rahisi tuliyoizoea, na pembeni mwake kuna tundu jeusi la kuchomekea chipu ya kubutia, tupu tangu kiwandani. Kubuti kwa flashi mashine hizi haziwezi. Kilichobaki ni flopi.

Flopi mwaka 2014! Sokoni Mwanjelwa wameniangalia kama niliyeulizia sindano ya gramafoni. Zimepatikana hapahapa shuleni, boksi zima kwenye kabati la uhasibu, bado zina nailoni.

Ndani ya kila flopi nimeandika iPXE, programu huria iliyotokana na mradi wa zamani wa Etherboot. Inafanya kile ambacho chipu ile ingefanya: inaiamsha kadi, inaomba anwani, inavuta faili. Nimeipachika maelekezo mafupi yanayoipeleka moja kwa moja kwenye seva, mwanafunzi asiulizwe lolote. Yote haifiki megabaiti moja, na flopi inabeba 1.44.

Kisha limejitokeza jambo linalonifanya nizipende flopi hizi kuliko PXE ya kwenye BIOS. Betri za saa za mashine nyingi zimekufa. Umeme ukizimwa ukutani, BIOS inasahau kila ulichoipangia, pamoja na agizo la kubuti kwa mtandao, inarudi kwenye mpangilio wa kiwandani. Mpangilio huo, kwa mashine za umri huu, unaanza na flopi. Zile tisa nilizozihurumia ndizo zinazobuti kila zinapowashwa. Zile kumi na tano zinanidai betri za CR2032.

Jumatatu, 16 Juni

Siku ya kunakili. Mashine moja nimeitengeneza kwa utulivu: Lubuntu, LibreOffice, mafaili ya mazoezi ya mwalimu. Clonezilla, kazi ya wataalamu wa Taiwan, imeichukua yote ikaibana hadi gigabaiti nne. Swichi yetu ni ya megabiti 100, kwa hiyo nakala moja inahitaji kama dakika sita kupita kwenye waya. Ukiituma kwa mashine moja moja ni zaidi ya saa mbili. Ukiirusha mara moja kwa zote, kila mashine ikidaka kilekile kinachopita, muda ni wa nakala moja.

Katikati umeme ukakatika. Mashine zote zikabaki na diski zilizoandikwa nusu. Uliporudi sikuwa na cha kukarabati: seva ilikuwa kwenye UPS, flopi zilikuwa mahali pake, tukawasha na kuanza upya. Jioni skrini zote zilikuwa na sura moja. Mlinzi alisimama mlangoni akatazama safu nzima, akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, fundi," yaani asante sana.

Jumatano, 18 Juni

Mbili diski zake zimekufa kabisa. Nimeziunganisha kwa LTSP, mradi ulioanza 1999: zinabuti kwa flopi na kufanya kazi zikitegemea nguvu ya seva. Hakuna kompyuta iliyotupwa.

Mchana nilimwomba mwalimu aiharibu namba 17 atakavyo, kisha airudishe mwenyewe kwa karatasi niliyomwandikia, mimi nikiwa nje. Aliirudisha. Alikwama sehemu moja ya kuchagua jina la nakala. Nimeibadilisha sentensi hiyo kwenye karatasi.

Kesho nakabidhi. Nitamwomba mkuu wa shule mambo mawili: anunue betri, na seva isihamishiwe ofisini kuchapia mitihani.