Ukipanda Ndege ya Kinshasa, Ukae Upande Gani?



Siku hizi watu wengi wa kwetu wanapanda ndege. Mmoja anaenda Kinshasa kutafuta matunzo, mwingine anafuata ndoa ya mtoto, mwingine mkutano wa kanisa. Wengi wanaketi popote wanapowekwa, wanalala, na wakifika wanasema hawakuona kitu. Ni hasara. Toka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500, na nchi yetu yote hiyo inapita chini ya miguu yako.

Basi, sikiliza. Kwanza, fika mapema kwenye kiwanja cha Luano, na pale wanapopokea mizigo omba kiti cha dirishani. Katika ndege nyingi herufi A ni mkono wa kushoto, ukitazama mbele. Usikubali kiti cha juu ya bawa, maana utaona chuma tu. Kaa mbele yake. Nyuma ya moteri, hewa ya moto inafanya vitu vya chini vionekane kama vinatetemeka.

Pili, chukua karte, uvute mstari toka Lubumbashi mpaka Kinshasa. Likasi inabaki kuume, pamoja na ziwa Tshangalele, yale maji ya Lufira yaliyozuiwa kule Mwadingusha. Kolwezi inabaki kushoto, na karibu yake ziwa Nzilo la mto Lualaba.

Tatu, angalia jua. Asubuhi jua liko nyuma, upande wa kuume. Kwa hiyo kaa kushoto. Jioni linakupiga macho upande wa kushoto; kaa kuume.

Nne, majira. Mwezi wa 7 mpaka wa 9 moshi wa pori linalochomwa unafunika nchi. Katika mvua kuna mawingu. Mwezi wa 5, mvua zikiisha kukatika, hewa ni safi.

Mimi mwenyewe nilifuata mashauri hayo yote mwaka 2019: asubuhi, mwezi wa 5, kiti cha A, mbele ya bawa. Pembeni yangu aliketi mzee mmoja ambaye hakuwa amepanda ndege hata siku moja.

«Pasta,» akaniuliza, «Kolwezi iko upande wako?»

«Ndiyo, mzee.»

«Mimi nilitumika miaka 31 ku Kamoto, chini ya udongo. Ile kazi sijaiona toka juu.»

Sitaficha, nilisita kwanza. Kiti kile nilikuwa nimekitafuta sana. Lakini taa ya mikaba ilipozimika, nikasimama, tukabadilishana.

Nusu saa haikupita, mashimo makubwa yakaonekana, mekundu na meupe, yamekatwa kama ngazi. Mzee akaweka kidole kwenye kioo. Alinyamaza muda mrefu. Nilizani anahesabu miaka yake. Kisha akasema pole pole:

«Kartie yetu ile pale. Tulikuwa tunasema shimo iko mbali. Kumbe iko mu mlango. Bajukulu bangu banachezaka pale.»

Tulipotelemka Ndjili aliniambia kwamba akirudi atakusanya watoto wake, waongee juu ya mahali pa kukaa. Mimi sikuona mashimo yale vizuri siku ile; niliyaona katika uso wake.

Kitabu cha Ayubu, sura ya 28, kinaongea juu ya wachimbaji, na njia yao ambayo hata ndege wa angani hawaijui. Sisi leo tunapanda juu kuliko ndege wale, na njia ile tunaiona. Basi tusilale.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukipata dirisha, tazama vizuri, na ukifika nyumbani uwaeleze watoto uliyoyaona. Na kama pembeni yako ameketi mtu aliyetoka ndani ya ardhi hiyo, umwachie kiti. Wewe utapanda tena.